Ya Kwanza Huchanika

Nyanzobe amepokea mshahara wake wa kwanza
pale Maweni, wodi ya watoto,
na leo jioni kanivalisha viatu vyake
vinavyonibana kidole gumba,
tukapanda hadi Mwanga, kwa Madamu Godeliva,
kwenye pazia la maua
na kibao cha chaki: KREPU ZA KIFARANSA.

"Mama," ananinong'oneza, "usiseme chapati."
Sijasema.
"Na usiulize bei."
Hapo ndipo macho yangu yalipoitafuta bei.
Nikapiga hesabu kimoyomoyo, kama nifanyavyo Kibirizi
asubuhi, wachukuzi wakinizunguka na sarafu zenye magamba ya dagaa:
krepu moja,
chapati za maji ishirini na nne.
Nikatandaza leso ya karatasi mapajani
kama mtu asiyejua kuhesabu.

Dirishani karani wa stesheni na mchumba wake
wanagawana moja, kila mmoja akimwachia mwenzake
kipande cha mwisho, mpaka kimepoa.

Kisha jikoni,
uji wa unga ukagusa chuma cha moto.
Shwaaa.
Miaka kumi na tisa tunajuana, mimi na sauti hiyo.
Mkono wangu wa kulia ukaanza kuzunguka wenyewe
chini ya meza, ukitandaza.

Ikaja. Imekunjwa pembe nne kama bahasha,
ukingo wake umetoboka-toboka
kama vitambaa tunavyofuma vya kochi,
na katikati yai linachungulia
kama mtoto anayejifanya amelala.
Rangi ya kijivu.
"Ulezi huu?" nikamwuliza mhudumu.
Nyanzobe akanikanyaga kwa kiatu changu mwenyewe,
maana vyake navaa mimi.

Nikashika uma. Nikashika kisu.
Siagi, chumvi, mgebuka wa moshi uliochambuliwa vizuri,
jibini linalovutika hadi kidevuni likakataa kukatika
nami nikalifuata kwa ulimi, adabu au si adabu.
Ni tamu. Niseme kweli, ni tamu
kuliko nilivyotaka iwe.

Godeliva akatoka kuuliza nani kauliza ulezi.
Mwanamke mnene, kilemba cha manjano, na kwenye kidole cha shahada
kovu, palepale penye langu,
tunapogeuzia bila mwiko.
Aliliona langu nilipokuwa naliona lake.
"Ikala, mama, usisimame,"
kwa Kiswahili cha Kalemie.
"Kule Ufaransa beko na unga yao mweusi. Huku sikuuona,
nikatia ulezi ya Kasulu."

"Na ya kwanza?" nikamwuliza.
Akacheka hadi karani akageuka.
"Ya kwanza inapasukaka kila siku! Bafaransa banasemaka
ni ya mbwa. Weye unaipeleka wapi?"

Nikatazama sahani.
Ya kwanza kikaango bado hakijatulia,
inashika, inachanika, haiuziki.
Saa kumi na moja alfajiri, chemli inatoa moshi,
na kuna mkono mdogo wenye kikuku cha uzi
umenyooshwa kabla mwenyewe hajafumbua macho.

Nilinyamaza.
Nyanzobe ndiye aliyejibu, polepole,
kwa sauti nadhani anayoitumia wodini:
"Ya kwanza nilikuwa nakula mimi."
Akafuta mdomo.
"Kila siku. Mpaka kidato cha sita."

Godeliva akarudi jikoni bila neno
akatuletea kwenye kisosi moja iliyochanika,
isiyo kwenye kibao, isiyo na bei.
Mwanangu akaweka kisu chini, akaweka uma,
akaikata kwa mikono, na akanipa mimi
upande usio na shimo.

Tumeshuka umeme umekatika, mimi peku,
viatu mkononi. Yeye anaongea habari za zamu.
Mimi nawaza: kibaba kimoja tu cha ulezi,
nichanganye na ngano, kesho,
nisimwambie mtu,
nione wachukuzi watasemaje.